Neno Moja Alilobaki Nalo

Kiharusi kilimpata mume wangu akivaa viatu kwenda kazini, na alipotoka hospitali alikuwa amebaki na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "kesho." Ukimwuliza kama ana njaa, kesho. Ukimwuliza kama mguu unauma, kesho. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huo wakati mwingine hufuta maneno yote ukaacha moja, wala mgonjwa halichagui. Alikuwa karani, na wenzake waliokuja kumwona walicheka kidogo, wakasema hilo ndilo alilozoea kuwaambia watu dirishani. Siku hiyo hata mimi nilicheka. Baadaye sikuweza.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno. Mimi nimelelewa na watu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu mwanamume hamsifu mkewe hadharani, lakini huyu Mkamba aliyenioa alinisifu hadi kwa muuza mboga. "Huyu unayemwona," alikuwa akisema, "ndiye aliyenifanya mtu." Kila Siku ya Wapendanao alivaa shati jekundu akanipeleka hoteli moja pale Donholm, tukaagiza kuku na chipsi, na kabla hatujala lazima anishukuru kwa jambo moja la mwaka huo. Jambo dogo tu, kama vile nilivyomfungia uji wa kwenda nao kazini alipokuwa na vidonda vya tumbo. Nilikuwa nikiona haya, namwambia ashushe sauti. Sikujua kwamba nilikuwa nikiishi kwa maneno yale.

Februari ya pili ya ugonjwa wake ilinikuta nimechoka kiasi cha kulia nikikamua nguo. Nilikuwa nimeacha kazi ya saluni. Nilimwinua, nikamwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani asipate vidonda mgongoni. Binti yetu alikuwa shule ya bweni. Wifi yangu, dada yake wa Machakos, alipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Anaendeleaje?" Nami nilijibu anaendelea vizuri. Hakuuliza mimi naendeleaje, nami sikumwambia.

Nikajiambia, nikimrudisha kwenye hoteli ile, kwenye meza zile zile, huenda kitu kikafunguka. Nilijua ni upuuzi, lakini mfa maji hukamata maji.

Tunakaa orofa ya tatu. Jirani wetu wa chini, mchomeleaji wa vyuma kule Baba Dogo, alisaidiana na mlinzi wa ploti kumshusha ngazi pamoja na kiti chake cha magurudumu.

"Leo mzee anaenda wapi?" jirani akauliza.

"Nampeleka Valentaini."

Aliitazama nguo yangu nyekundu, wala hakucheka. "Sawa, mama. Mkirudi nipigie, nije tumpandishe."

Hoteli ilikuwa imejaa vijana wawili wawili, na baluni nyekundu zilifungwa kila kona. Weita alituwekea ua moja mezani, akamwinamia mume wangu kwa adabu. "Karibu, mzee. Utakula nini?"

"Kesho."

"Leo tuko na kuku na samaki, mzee."

"Kesho."

Kwenye meza ya pili wasichana wawili walificha nyuso, wakatikisika mabega. Niliagiza mwenyewe. Kuku alipoletwa nikamkatia nyama vipande vidogo, kisha nikafanya lile nililokuja kulifanya. Niliushika mkono wake wa kushoto, ule ambao ugonjwa haukuugusa.

"Baba," nikamwambia, "mwaka huu hujaniambia kitu. Niambie jambo moja. Kama mdomo hauwezi, nifinye mkono, nitaelewa."

Alinitazama. Midomo ilihangaika. "Kesho," akasema, na mkono ukalala mkononi mwangu vile vile.

"Si kesho. Leo. Mimi ndiye ninayekuosha. Sema asante tu."

"Kesho. Kesho, kesho." Akaanza kulia, mate yakimtoka, akaipiga sahani ikaanguka chini. Watu waligeuka. Kisha nikasikia harufu, nikajua amejikojolea.

Niliinuka nikatoka nje. Sikuchukua hata mkoba. Nilitembea hadi kando ya barabara ya Outer Ring nikasimama kwenye jua, magari yakipita, nikiwaza kwamba nikipanda lolote kati ya hayo nitakuwa mbali kabla hawajajua yule mzee ni wa nani. Singependa kusema kwamba mapenzi ndiyo yaliyonirudisha. Niliogopa watamwinua vibaya. Wangemvuta ule mkono mbovu, na bega lake huteguka upesi.

Nikarudi. Nilimkuta weita amesimama kando ya meza na kitambaa.

"Madam, nilitaka kusogeza mkoba nipanguse," akaniambia polepole. "Mzee amekataa kabisa."

Mkoba wangu ulikuwa mapajani mwake, juu ya suruali iliyolowa, na kamba yake ameizungusha kwenye ngumi. Aliponiona alifungua vidole, akauachia. Wapo walioniambia baadaye kwamba hapo ndipo aliponijibu. Mimi sijui. Nilikuwa nimeomba neno, nikapewa mkoba wenye mkojo, na nilikaa nikalia mbele ya wapenzi wote wa Donholm. Msichana mmoja wa wale waliocheka alileta tishu akasema, "Pole, mathe," asijue aangalie wapi.

Tulipofika nyumbani nilimwosha nikambadilisha nguo, halafu nikampigia wifi. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo alishtuka.

"Kuna nini? Amezidiwa?"

"Hapana. Ni mimi. Nimeshindwa, wifi. Leo nimemwacha hotelini nikaenda kusimama barabarani."

Nilingoja matusi, maana huyu ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Hukuniuliza."

"Nakuja," akasema.

Alifika kesho yake na mfuko wa ndengu na jogoo hai. Nilikuwa nikimlisha mume wangu uji. Aliosha mikono, akanitoa kijiko kwenye vidole, akasema, "Nenda ukalale. Nitakuita." Nililala na leso kiunoni, na nilipozinduka jua lilikuwa limeshapita dirishani. Nilimsikia sebuleni akimwongelesha ndugu yake kwa Kikamba, naye akijibu kwa lile neno lake moja. Hakuna aliyeniita, nami sikuinuka.

Siku hizi wifi huja mara kwa mara, akakaa siku kadhaa, nami narudi saluni kusuka. Akiondoka, siku hurudi kuwa ndefu. Mume wangu hajapata neno la pili. Kuna asubuhi ninapomfunga vifungo vya shati nasita kidogo, uso wangu karibu na wake, nikimpa nafasi. Halafu namalizia vifungo.