Nilivyokula Mabwana Harusi wa Boga

Shule niliiacha darasa la nne, lakini leo ukifika Laela ukauliza ghala kubwa la mahindi, wataninyooshea kidole. Kwangu asiyezalisha hakai. Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza shambani kwangu kule Pito.

Bibi yake mke wangu alinipa mbegu za boga lake la kijivu, zile za mwisho, nyingine zilimwozea.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "hizi aliniachia mama. Ukizipoteza, zimekwisha."

Nikacheka. Mtu aliyejenga ghala ashindwe na boga?

Nikazipanda, na maboga yakachanua kweli. Ila maua mengine yalikuwa na kiboga kidogo nyuma yake, mengine yamesimama kwenye kikonyo kitupu, yanakula mbolea yangu bure. Hayo nikayachuma yote kila asubuhi, mke akayaunga kwa karanga. Muda si mrefu, viboga vikaanza kuwa vya njano na kudondoka.

Bibi akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona sioni maua yenye vikonyo virefu?"

"Tumekula. Yalikuwa hayazai."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mume wangu, umekula mabwana harusi wote, halafu unangoja watoto!"

Kumbe yale ndiyo madume. Nyuki huchukua unga wao wa njano na kuupeleka kwenye majike. Jike lisipoupata, kiboga chake hufa.

"Basi nikaombe dume kwa jirani."

"Thubutu! Boga lake la kijani. Mwakani mbegu yangu itakuwa chotara."

Na mvua zilikuwa zinaisha, mashina yamechoka. Nikalinda tumba moja la dume kama mgonjwa. Lilipofunguka alfajiri, kwa baridi ile ya Ufipa, nikalivua majani yake ya njano na kulipakaza katikati ya jike lililofunguka siku hiyo. Kisha jike nikalifunga mdomo kwa uzi, nyuki asilete unga wa jirani.

Baada ya wiki kiboga kilikuwa sawa na ngumi yangu, na ngumi yangu si ndogo. Nikampigia bibi simu. "Nimezaa!"

"Wewe? Wewe mshenga tu. Litandikie nyasi lisioze, na usilichume mpaka kikonyo kikauke."

Mimi, mwenye ghala Laela, nikaenda kukata nyasi.