Baada ya Mhariri Kusema Ndiyo

Asubuhi hiyo nilitoka Dagoretti Corner na begi moja bila kujua naelekea wapi. Rafiki aliyekuwa amenipa nafasi sakafuni alikuwa anamleta mkewe kutoka Kakamega, na chumba kimoja si cha watu watatu. Nilifuata Ngong Road kwa miguu hadi mjini, nikiwaza makala. Shule niliiacha mapema, ila kuuliza maswali sijawahi kuacha.

Nikajikuta napanda ngazi za jarida moja lililokuwa limenikataa mara nyingi kwa barua pepe. Mhariri, mama wa makamo aliyesukuma miwani juu ya kichwa, alikuwa anakunywa chai.

"Sema haraka, kijana. Wazo moja."

Nikamweleza kuhusu akina mama wanaokaa kando ya barabara ya kuingia Loresho wakingoja kuitwa kufua. Wanakaa kwa laini. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuchukuliwa, hata mwenye nguo akimtaka mwingine. Mimi nilikuwa nimewaona nikipita tu.

Akaweka kikombe chini. "Hiyo naitaka, toleo lijalo. Nenda ukae nao, uniletee wanachoongea."

Hapo ningesema asante nishike ngazi. Lakini nilikuwa nimezoea kukataliwa hadi ndiyo yake ikanitia hofu. Niliona kama haitoshi. Nikaongeza wazo la mafundi wa vitanda wa Ngong Road. Alipotazama simu, nikaongeza la makanisa yanayopokezana ukumbi mmoja Jumapili.

"Ndugu yangu," akasema, "nimeshanunua, na wewe bado unaniita dukani. Hao akina mama unawataka kweli, ama walikuwa tu wa kwanza mdomoni?"

Nikasema mawazo yote ni mazuri. Mpaka leo sijui kwa nini.

"Basi hizo kurasa nitampa mtu mwenye wazo moja." Akashusha miwani machoni, akarudi kwenye kompyuta.

Nilipofika barabarani ndipo nilipolijibu swali lake vizuri, kwamba akina mama hao nawataka kweli, kwa sauti, hadi watu wakanipisha.

Nilienda Loresho. Jua lilikuwa kali na akina mama walikuwa wamebaki wachache. Nikachutama mbele yao.

"We! Laini inaishia huku nyuma," mmoja akaita. "Ama wewe ni kanjo, umetumwa na kaunti kutufukuza?"

"Kanjo gani anabeba begi?" mwenzake akacheka. "Huyu amefukuzwa na bibi."

"Sina bibi, mama. Natafuta hadithi."

"Tafuta kwanza pa kulala. Hadithi tutakupa."

Nikahamia nyuma. Wakaongea juu ya sabuni inayochubua vidole, tajiri mmoja anayehesabu vibanio vyake kabla hawajaondoka, na binti wa mmoja wao aliyekataa kuolewa na pasta. Kila jambo lilikuwa bora kuliko yote niliyomwambia mhariri, na kurasa zake zilikuwa zimeshapata mwenyewe.

Jioni, yule aliyenicheka akanipeleka Kangemi, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga anakoishi. Mwangalizi akanifungulia chumba cha mabati kilichonuka rangi mbichi.

"Unafanya kazi gani?"

"Naandika."

"Unamwandikia nani?"

Asubuhi ya siku hiyo, kwa muda mfupi, nilikuwa na jibu. Nikamwambia kwa sasa hakuna. Akanitazama, kisha akanipa ufunguo, akasema choo kiko nyuma na maji hutoka alfajiri.