Kitanda cha Mama Kule Uhispania

Mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukaushia, bado ya moto, yana harufu fulani ambayo nikiivuta tu mikono inaacha kazi. Juzi imenikuta tena, chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Jordbro. Nimesimama na shuka usoni kama mtu aliyepotewa na akili, zamu yangu ya kufua imekwisha dakika tano zilizopita, na jirani yuko mlangoni na kapu lake. Ananiangalia vile Waswidi wanavyokuangalia ukiwaibia zamu: bila neno, lakini unasikia kila kitu. Nikamwambia pole. Ningemweleza nini? Kwamba nilikuwa Uhispania kidogo?

Basi acha niwaeleze ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa mtaa wa Fisksätra, mimi na mama tu. Mama alikuwa anatandika vitanda kwenye hoteli moja mjini. Mimi nilikuwa mwanafunzi, tuseme hivyo. Shule na mimi hatukupatana, na baadaye tuliachana kabisa kabla sijamaliza sekondari. Siku niliyoichukia kuliko hesabu ilikuwa ile ya kwanza baada ya likizo ya kiangazi. Mwalimu anatukalisha duara, kila mtoto anasimulia alikwenda wapi na anaonyesha picha. Mwaka uliotangulia sikuwa nimekwenda popote, nikadanganya kwamba tulipanda meli mpaka kisiwa cha Öland. Msichana mmoja akauliza, "Meli ya nini? Si kuna daraja?" Darasa zima likaangua kicheko. Leo na mimi nacheka. Siku ile sikucheka.

Kwa hiyo mama aliposema tunakwenda vakansi Uhispania, nyumba ya kupanga karibu na bahari, yenye bwawa la kuogelea, nilitangaza hadi kwa watu nisiowajua kwenye treni. Nilitaka kitu kimoja tu: picha yangu nikiwa ndani ya bwawa lile.

Tukaenda. Nusu ya sanduku ilikuwa unga wa fufu na samaki wakavu, maana mama hakuwa na hakika kama Wahispania wanakula.

Karatasi ya tangazo la nyumba ile ilisema kutoka ndani bahari inaonekana. Kweli, ilionekana, ukipanda juu ya choo na kupinda shingo kwenye kidirisha: kamstari ka buluu katikati ya ghorofa mbili. Na bwawa lilikuwepo, ila lilikuwa kavu. Chini kulikuwa na majani, kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, na paka ananyonyesha watoto wake, ametulia kama ndiye aliyelipia.

Nililia. Mama hakulia, kwa sababu yeye alikuwa na lake. Karatasi ilisema pia kwamba kila asubuhi kuna mtu atakuja kusafisha na kutandika vitanda. Mstari huo mama alinisomesha mara tatu.

Asubuhi ya kwanza akaamka, akakiacha kitanda shaghalabaghala. Nikanyoosha mkono kuvuta shuka.

"Acha, weye! Kina mwenyewe hicho. Vaa haraka tutoke. Mgeni akikaa ndani mpaka saa tano, yule dada wa usafi atamaliza saa ngapi?"

Kabla ya kutoka aliokota nywele zetu kwenye sinki, akafunga mfuko wa takataka, akaacha pakiti ya biskuti mezani kwa ajili ya huyo dada. Kazini kwake aliwapenda sana wageni waliomwachia biskuti.

Tulirudi jioni na mchanga mpaka masikioni. Mama akafungua mlango polepole. Kitanda vilevile. Biskuti vilevile. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu akanituma mapokezi ya zile nyumba na Kiingereza changu cha shule, nikarudi na jibu: karatasi ni ya zamani, huduma hiyo ilikwisha, na bwawa linamsubiri fundi.

"Hakuna mtu, mama. Hakuna anayekuja."

"Aa," akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Nami, badala ya kunyamaza, nikamwaga Kiswidi: kila kitu hapa ni takataka, shuleni watanicheka tena. Kwa kawaida angenijibu, "Ongea lugha ya nyumbani, mimi si mwalimu wako." Siku ile hakunijibu kitu. Hapo nikaogopa.

Kesho yake alipokwenda kununua mkate, nikatandika kitanda. Ningependa kuwaambia ulikuwa upendo, lakini ilikuwa woga. Mama yangu asipogomba ujue kuna hatari. Shuka lilikuwa kubwa kuliko mimi, likanimeza mara mbili. Kona tatu zilikubali, ya nne ikavimba kama andazi. Taulo nikalikunja liwe bata maji, kama wanavyofanya hotelini, likatoka kuku aliyekanyagwa na baiskeli.

Mama akafungua mlango. Akatazama. Akatoka tena, akafunga. Nikajua nimekwisha.

Halafu nikasikia anagonga. "Hodi! Dada, umeshamaliza? Naweza kuingia?"

Nilichukua muda kuelewa. "Bado kidogo, madamu!" nikasema, nikaenda kuligandamiza lile andazi.

Akaingia taratibu kama mgeni, akavua viatu, akalala chali juu ya kitanda, macho kafumba.

"Ni weye unafanyaka chumba hiki?"

"Ndiyo, madamu."

"Kazi yako nzuri kabisa. Chukua biskuti."

Kisha akachukua kamera yetu ya filamu. Ilikuwa imebaki picha moja, na hiyo nilikuwa nimejiwekea: ningelala chini ya bwawa kavu nijifanye naogelea. Mama akapiga kitanda. Kwaa!

"Mama! Picha yangu!"

"Nimeitumia," akasema, bila hata kuomba samahani.

Basi siku zilizobaki ikawa hivyo: anatoka, natandika, anabisha hodi.

Shule ikafunguliwa. Nikakaa kwenye duara na picha ya kitanda. Yule yule msichana wa daraja akauliza, "Bwawa liko wapi?" Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri tu. Lakini nikamtazama kuku wangu wa taulo, nikasema, "Bwawani kulikuwa na paka. Hiki ni kitanda cha mama yangu. Nimekitandika mimi." Wakauliza paka alikuwa na watoto wangapi. Ya kitanda hakuna aliyeuliza.

Miaka kumi baadaye, shule tumeshaachana, mama akanitafutia kibarua cha kiangazi palepale hotelini kwake. Siku ya kwanza, chumba cha kumi na moja, mgongo unanililia, nikakuta mgeni amefunga mfuko wa takataka na kuacha chokoleti juu ya mto. Nikakaa kitandani, kitu kisichoruhusiwa. Ndipo nikaelewa kwamba mama hakufuata bahari kule. Baada ya kuwatandikia wageni miaka yote ile, alitaka naye arudi mahali akute kuna mtu amemfikiria. Na alipata, ila kwa kiwango cha mtoto wa miaka tisa.

Mashuka ya juzi ni yake. Ijumaa anakuja kulala kwangu. Jumamosi asubuhi atakiacha kitanda shaghalabaghala, aseme anakwenda dukani, na dukani hana analolitaka. Kona ya nne mpaka leo inanitokea andazi. Atabisha hodi, nami nitamwambia bado kidogo, madamu.