Miaka Kumi ya Mume Wangu na Mianzi ya Marehemu

Asubuhi moja ya Aprili nilikanyaga kitu sebuleni kwetu, nikaruka kama nimekanyaga nyoka.

Mkeka wa sakafuni ulikuwa umevimba. Nikaufunua.

Chipukizi la mwanzi! Nene kama mkono wangu, limetoboa mbao za sakafu, limesimama wima mbele ya kabati tunapowaombea marehemu wetu.

"Shunpei! Njoo uione miaka kumi yako!"

Mume wangu akaja na mswaki mdomoni. Akaangalia. Mswaki ukadondoka.

Jamani, sizushi. Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Chizuru. Nilifanya kazi benki mjini, kisha nikaolewa na dereva wa lori la chama cha ushirika, nikahamia kijiji cha milimani huku mkoani Oita. Tuliishi na mama mkwe, Mama Sadae, kwenye nyumba ya mbao ya ukoo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la machungwa lililotelekezwa, na nyuma ya shamba, msitu wa mianzi aliouanzisha baba mkwe.

Alipokuwa hai, kila baridi ilipoisha aliingia na jembe. Alichimba machipukizi tukayala na wali mpaka tukayachoka, majirani wakapata yao. Lililovuka mpaka alilipiga teke likavunjika. Mianzi ikakaa na adabu zake.

Kisha akafariki.

Tulipomaliza mazishi tu, Mama Sadae akatangaza, "Jembe lisiingie kwenye mianzi ya baba yenu. Labda mnizike kwanza."

Tukajua ni uchungu. Nani abishane na mjane?

Mwaka ukapita, Shunpei akaenda kupima. Huku ardhi tunaipima kwa tsubo, na tsubo moja ni kama mikeka miwili ya chumbani. Baba aliuacha msitu ukiwa na tsubo mia. Sasa zilikuwa mia na ishirini.

"Asilimia ishirini," akasema tukiwa mezani, anajisikia profesa. "Yaani tsubo ishirini kila mwaka. Baba alipokufa, kutoka msituni hadi barazani palikuwa na tsubo mia mbili. Gawa kwa ishirini. Miaka kumi, Mama! Hiyo nyumba utaikalia mpaka uichoke."

Mama Sadae alikuwa na miaka themanini na nne. Akainama kwenye bakuli la supu, akalia. Akainuka, akaenda jikoni kuosha vyombo.

"Umeona alivyofurahi?" Shunpei akaninong'oneza.

Mimi roho haikutulia. Mtu wa benki hawezi kusikia hesabu ile akameza chakula.

"Hizo tsubo ishirini mpya si mianzi?"

"Mianzi, ndiyo."

"Haizai?"

Akajimiminia chai.

"Mwaka huu asilimia ishirini siyo ya mia tena, ni ya mia na ishirini. Unafika mia arobaini na nne. Mwaka unaofuata, karibu mia sabini na tatu. Halafu mia mbili na saba. Halafu mia mbili arobaini na tisa. Mwaka wa sita unagusa mia tatu, mia ya Baba na mia mbili za hapo katikati, uko barazani! Sita, Shunpei, siyo kumi!"

"Mke wangu, mianzi haina akaunti benki." Akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Tangu siku hiyo sikukaa nikatulia. Napika, macho dirishani. Naanika nguo, nageuka kuangalia nyuma. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, maana mwanzi ukipata mvua unapanda huku unauona. Nikachukua kamba ya kuanikia, nikawa napima mwenyewe. Mwaka wa tatu hesabu yangu ikatimia vilevile. Wa nne pia.

Nikaona huu ni ujinga. Nikabeba jembe.

Sijachimba hata moja, Mama Sadae huyo! Anakuja na fimbo yake, mbio sijawahi kuziona.

"Weka chini!"

"Mama, itafika ndani!"

"Weka chini, Chizuru. Unataka kuniua?"

Akaninyang'anya jembe. Shunpei aliporudi akanigombeza mimi. Eti simheshimu mamake. Nikalia peke yangu bafuni, nikaapa sitasema tena.

Basi, ikafika asubuhi ile ya Aprili. Mwaka wa sita.

Fundi akaingia chini ya sakafu, akatoka anatikisa kichwa. Mizizi imepita kila mahali, nguzo mbili zimeinuliwa. "Hapa hapakaliki," akasema. "Hameni wiki hii."

Shunpei akapiga magoti mbele ya mama yake, paji la uso mkekani.

"Nisamehe, Mama. Nilikwambia miaka kumi."

Mama Sadae hata hakumwangalia. Aliliangalia lile chipukizi, akashusha pumzi ndefu, akaingia chumbani kwake. Akatoka na mabegi mawili. Yamefungwa tayari!

"Haya, twende Beppu," akasema. "Dada yangu ananisubiri."

Shunpei akainua kichwa.

"Baba yenu aliniapisha siku anakufa. Nisiihame nyumba hii maadamu inakalika. Nikaapa, ningefanyaje? Lakini nimeletwa humu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sijaipenda hata siku moja. Baridi, mlima, upweke. Niliposikia miaka kumi nililia, kwa sababu kumi nisingeifikisha."

Akanigeukia mimi.

"Halafu nikiwa jikoni nikakusikia unasema sita. Nikasema moyoni, sita naiweza. Mwanangu, kama siyo hesabu yako ningekufa kwa kukata tamaa. Ukaja na jembe kuniongezea kifungo!"

Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Leo Mama Sadae ana miaka tisini na moja. Anakaa Beppu, ghorofa ya tatu, kila asubuhi anaoga maji ya moto ya chemchemi na dada yake, wanasengenya mji mzima. Shunpei siku hizi hapigi hesabu bila kuniuliza.

Ndugu msomaji, asilimia ya kila mwaka inazaa, na watoto wake nao wanazaa. Usiijumlishe kijinga. Ila lililonifunza zaidi ni hili: kabla hujampigia mtu hesabu ya miaka, muulize kwanza kama anataka iwe mingi.