Betri Iliyolala Stoo

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya wauza mitambo pale Nyamagana, fundi mkuu hakunipa spana. Alinipa kopo la magadi. "Asidi ya betri ikikurukia, mwagia hii kwanza. Kulia utalia baadaye." Nikacheka. Kabla ya saa sita suruali ilishakuwa matundu matupu, na nilishalia.

Nyinyi vijana mnaona magari ya umeme kwenye simu mnadhani yameanza jana. Wapi! Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, wenye viwanda hawakutaka moshi wa dizeli karibu na samaki. Wakanunua kwetu foklifti za umeme za kubebea makasha. Betri yake ni sanduku la chuma, kuliinua mpaka winchi. Tuliipima kwa haidromita, kibomba cha kioo kinachofyonza asidi: asidi ikiwa nyepesi, chaji imepungua.

Betri ya namna hiyo haitaki kulala. Ikikaa stoo bila chaji, pleti zake, yale mabamba ya ndani, zinaota ukoko mweupe, na ukoko ukikomaa, hata uichaji wiki nzima haishiki. Kwa hiyo kila mwezi tulitakiwa kuchaji betri za stoo na kusaini kadi zake. Sasa, kulikuwa na mgao wa umeme. Siku ya kuchaji umeme hakuna, tunasaini hivyo hivyo, tutachaji ukirudi. Ukirudi tumeshasahau. Karakana nzima tulifanya hivyo, wala hatukuona kwamba ni uongo.

Basi kiwanda kimoja cha Ilemela kikalalamika: foklifti mpya inazima kabla ya mchana. Dereva wake, Mzee Bwire, Mjita mmoja mpole, akasimamishwa kazi kwamba ameiua betri, mpaka ripoti yetu itoke. Nikatumwa mimi, naye akaitwa aje anionyeshe alivyokuwa akiichaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii tangu siku ya kwanza haijawahi kufika jioni. Nilisema, wakaniambia mimi umeme siujui."

Nikafungua vifuniko, nikamulika. Ukoko mtupu! Niliporudi nikaitoa kadi ya betri ile: miezi mitano stoo, sahihi tano, zote zangu.

Nikampelekea meneja wa huduma. Akaisoma, akaifungia kwenye droo. "Andika dereva alikuwa anaiacha inakwisha kabisa. Ukitaja stoo, mimi na wewe tunarudi kulima pamba." Mke wangu alikuwa mjamzito. Sikuandika alivyotaka, lakini ukweli nao sikuuandika. Kiwanda wakiuliza, najibu bado napima. Mwoga mkubwa mimi!

Wiki ya tatu meneja alichoka, akaandika ripoti mwenyewe na kuniletea nisaini. Nikaiona "Bwire" imepigwa taipu pale katikati, mkono ukakataa. Nilipanda basi mpaka kiwandani, nikamweleza mkubwa wao kila kitu, halafu nikaenda nyumbani kwa mzee.

Nikamwambia, "Mzee, ni mimi. Betri iliharibikia kwetu, na nimelijua hilo tangu siku ile uliponionyesha."

Akasema, "Wiki tatu wanangu wananiuliza nimeharibu nini kazini. Nami nikaanza kuamini kwamba kweli nimeharibu."

Hakunifukuza. Alinikaribisha chai.

Alirudishwa kazini, kiwanda kikapata betri nyingine, nami nikahamishiwa tawi la Shinyanga kupaka grisi matrekta, miaka minne. Sikulalamika.

Siku ya kuniaga kustaafu, mkurugenzi alisimulia habari ile mbele ya watu, jinsi nilivyosema kweli bila kuogopa. Wakapiga makofi wamesimama. Mzee Bwire alishafariki, na mle ukumbini hakuna mwingine aliyejua zile wiki tatu. Nikainuka, nikawashukuru, nikakaa.