Zege la Ijumaa

Nilipokwenda Kisarawe kwa mafunzo ya vitendo, nikitokea chuo cha ujenzi Kibaha, nilijiona meneja tayari. Nikapanga ratiba ya kumwaga zege la sakafu ya darasa: Ijumaa, saa nne asubuhi hadi saa tisa, bila kusimama. Fundi mkuu aliisoma, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, saa saba tutakuwa wapi?"

Nikamjibu kwa jeuri, "Mzee, ratiba ni ratiba."

Saa sita na nusu mafundi wote walinawa, wakaenda msikitini. Mimi wa kanisani nilibaki peke yangu na koleo, zege likianza kukauka nusu ya chumba. Mpaka leo sakafu ile ina ufa pale tulipoishia.

Chuoni, ratiba ileile ilinipa alama zote.