Wifi Yangu na Loki ya Mbele

Wifi yangu ni mfupi. Nasema hivyo kwa mapenzi, na mwenyewe hukalia mito miwili ndipo aone mbele ya boneti. Ni karani wa shule, mtu wa mihuri na mafaili, na mpaka kaka yangu alipopata kiharusi alikuwa hajaendesha hata toroli. Leo analiendesha gari kuukuu la mumewe kila siku ya Mungu, lile gari la juu ambalo mtu hulipanda kama anayepanda kitanda cha hospitali. Asubuhi shuleni, mchana sokoni, na Jumanne na Ijumaa anatupakia sisi, kaka kiti cha mbele na mimi dada mtu nyuma, twende hospitali ya ng'ambo ya bonde.

Kaka alikuwa dereva wa wapima ardhi maisha yake yote. Kiharusi kilimwachia ulimi na ubishi, kikamnyang'anya mkono wa kulia. Mtaalamu wa viungo alituambia wazi kwamba mkono utarudi, ila kwa mazoezi yasiyokatika, na ni mwaka huu. Ukichelewa, basi tena.

Mvua zilizopita tulikwama kwenye kilima cha udongo wa mfinyanzi kilicho karibu na hospitali. Tairi moja la mbele lilining'inia juu ya korongo likizunguka bure, na mwenzake aliyekuwa ardhini akasimama tu kama mgeni asiyejua kazi. Njia ile ikatushinda wiki tatu nzima. Vidole vilivyokuwa vimeanza kushika kikombe vikasahau. Nilimkuta kaka amekikodolea macho kile kikombe, nikatoka nje kulia.

Kwa hiyo kabla ya mvua za safari hii wifi aliamua: difu ya mbele itiwe loki. Tukaenda kwa fundi wetu, anayeitwa Fundi Kesho, na ukimuuliza kwa nini anaitwa hivyo atakujibu kesho.

"Mama, difu ndiyo inagawa nguvu kwa matairi mawili," alieleza akifuta mikono. "Lakini ina upendeleo wa kijinga. Tairi likikosa ardhi, nguvu yote inakwenda kwa hilo hilo. Loki inayafunga yavute pamoja. Sasa ziko mbili. Iko ya swichi, unabonyeza, upepo unapita kwenye bomba, inafunga. Na iko ya kujifunga yenyewe. Ukikanyaga mafuta inashika, ukikata kona inajiachia."

"Ubaya wa hiyo ya pili?" wifi aliuliza.

"Usukani. Kule kilimani matairi yote manne yakivuta, utakuwa mzito, gari itataka kwenda mbele tu. Na kwa kuwa hii ni gari ya kila siku, zile friwili..."

Friwili ni vile vifundo vya chuma katikati ya matairi ya mbele. Unavizungusha kwa mkono, upande mmoja vinaunganisha matairi na difu, upande wa pili vinayaacha huru. Fundi hakumaliza.

"Friwili unamfundisha nani?" kaka alimkata. "Nimezishika kabla hujashika spana."

Fundi akaliacha hilo, maana ni mtu wa adabu. Mimi nilitaka ya swichi, nikasema mikono ya wifi haitauweza usukani mzito. Wifi akanitazama kwa macho ya karani anayerudisha fomu.

"Wifi, chenye waya na bomba kitakatika siku ile ile ninayokihitaji. Mikono nitaizoesha. Fundi, nifungie isiyo na swichi."

Ikafungwa. Mvua ya kwanza ikanyesha, na taabu zikaanza papo hapo, tena si kilimani, kwenye lami! Kila kona ya kwenda shuleni usukani ulivutana naye, na kule chini kitu kilipiga ka-ka-ka. Siku ya nne alirudi nyumbani mabega yanamuuma, akaweka funguo mezani.

"Labda mimi si mtu wa gari hili," aliniambia taratibu. "Tukishindwa safari hii, mkono wake ndiyo basi."

Niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa nagombana. Kesho yake tukaenda gereji wote watatu, nikamshukia Fundi Kesho mbele ya wateja wake: ametuuzia chuma kibovu, anamtesa mwanamke wa watu, na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akachuchumaa kwenye tairi la mbele.

"Nani amezifunga hizi friwili?"

Wifi akamtazama mumewe. "Yeye ndiye aliniambia nizifunge, siku mvua ilipoanza."

"Ndivyo inavyotakiwa," kaka alisema kutoka kwenye kiti chake garini. "Miaka ishirini nafunga mvua ya kwanza, naachia kiangazi."

"Mzee, zamani difu ilikuwa wazi, kuzifunga hakukudhuru kitu. Sasa mle ndani mna loki. Ukizifunga kwenye lami, loki inazunguka muda wote, na kila kona inajiachia kwa kugonga meno na kuvuta usukani. Kwenye lami unaachia. Chini ya kilima unafunga. Kila safari."

Mazoea yana taabu. Kaka aliinamisha kichwa, na mimi niliyemtukana mtu wa watu nikajifanya naangalia kalenda ya ukutani.

"Kila safari?" wifi aliuliza. "Nani atashuka kwenye tope kila safari?"

"Ziko friwili za kujifunga zenyewe. Naweza kuziweka, hakuna wa kushuka."

Lakini mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguliwa. Kaka alishuka na fimbo yake, akaegemea gari, akauweka mkono wa kulia juu ya kile kifundo. Vidole viliteleza. Akaviweka tena, safari hii akavifunika kwa mkono wa kushoto, akasukuma kwa mikono yote miwili huku shingo imemtutumka mishipa. Kifundo kikalia, ta, kikaachia! Akazunguka upande wa pili. Ilichukua muda mrefu.

Wifi alipanda juu ya mito yake. "Hizo za kujifunga zenyewe ziache, fundi. Nina mtu wa friwili."

Njia nzima ya lami usukani ulikuwa mwepesi, na wifi aliimba.

Ijumaa iliyofuata mvua ilimwagika tangu alfajiri. Chini ya kilima tulisimama, kaka akafunga friwili zake kwa mikono miwili, mimi nimemshikia mwavuli. Tulipofika kwenye lile korongo, tairi likaning'inia vile vile. Tulibana pumzi wote. Halafu kitu kikagonga mle chini, na tairi la pili likavuta! Wifi aliung'ang'ania usukani karibu asimame, gari likapanda likinguruma, na mimi nyuma nikapiga vigelegele nikagonga kichwa.

Hatukukosa hata siku moja mvua zile. Friwili mbili kuzifunga, mbili kuziachia, kwenda na kurudi. Mtaalamu aliuliza ni mazoezi gani tunayomfanyisha nyumbani, wifi akamjibu, "Ya ufundi."

Ijumaa ya mwisho ya mvua, tukiwa juu kwenye lami ya hospitali, kaka alishuka kuziachia. Niliona anachelewa, nikainama kumsaidia kama kawaida yangu. Akanisukuma nitoke njiani, fimbo ingali katika mkono wa kushoto. Nilirudi kwenye kiti changu nimenuna, na nilikuwa nimeshafunga mlango ndipo nikatambua ni mkono upi ulionisukuma.